Vuli Mama Alipopanda Tingyu

3 Septemba
Mvua. Soya nilizoloweka jana zimevimba vizuri. Mama anasema anataka kwenda juu.

4 Septemba
Jana nilidhani nimesikia vibaya, ndiyo maana sikuandika zaidi. Leo asubuhi nikiwa nachuja maziwa ya soya akarudia, amekaa kwenye kigoda chake karibu na jiko.

"Mwaka huu nitapanda Tingyu."

"Mama, una miaka themanini na nne."

"Umri wangu naujua, Chunxiu. Sikukuuliza."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwona Mama akikanyaga hekalu la Tingyu, na tunaishi chini yake. Kengele yake tunaisikia kila alfajiri upepo ukiwa mzuri. Wageni wanaotoka mji wa Chengdu kuja kuupiga picha mti wake mkongwe wa mginko hula tofu yetu ya soya mlangoni petu kabla ya kupanda. Mwezi wa pili kijiji kizima hupanda kuchoma udi, na Mama hubaki nyumbani, anafagia uwanja ambao tayari umefagiwa.

Sababu inajulikana na kila mtu kijijini hapa Shiban, na hakuna anayeisema mbele yake. Huko juu yuko binti yake wa kwanza, dada yangu, mtawa Jinghe. Mwaka wa njaa kuu, dada akiwa na miaka mitano, Baba alimbeba mgongoni akamwacha kwa watawa. Mimi nilizaliwa chakula kilipokuwa kimerudi. Mama hamtaji kwa jina. Husema "yule wa juu".

5 Septemba
Mvua.

8 Septemba
Nimemwita Pang Dafu, yule mnene anayebeba wageni kwa kiti cha mianzi pamoja na shemeji yake Yan. Pang huongea kwa niaba ya wote wawili. Alimzunguka Mama akimpima kwa macho kama anayenunua nguruwe.

"Shangazi, wewe una uzito wa kuku. Yan, unaonaje, kuku wa nyama au wa mayai?"

Yan akafikiri. "Wa mayai."

"Na wewe Pang una mdomo wa bata," Mama akasema. "Tunaenda lini?"

Pang akaacha kucheka. Ngazi za mawe zina kuvu, akasema, na huu utelezi utamvunja mtu shingo. Mvua ikikatika, jua likiwaka siku chache mfululizo, atakuja mwenyewe bila kuitwa.

Mvua yetu ya vuli haina radi wala kishindo. Inashuka polepole kama mgeni aliyekwisha kunywa chai na bado hataki kuaga. Ikianza hivi, inaweza kukaa mwezi.

9 Septemba
Mvua. Mama ameanza kushona viatu vya nguo. Nyayo anazitengeneza mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, anavuta uzi kwa meno.

"Mguu wake una ukubwa gani?" akaniuliza.

Mimi hupanda kila mwaka, humwona kila mwaka, na sijui mguu wa dada yangu.

12 Septemba
Mvua. Mama ameamka mapema, amefunga kikapu: kiatu alichokwisha kushona, keki za mchele, chupa ya mboga zilizochachushwa kwa pilipili. Adhuhuri akakifungua tena, akala keki moja, akasema zisiharibike.

15 Septemba
Sikukuu ya Mbalamwezi, na mwezi haukuonekana. Mama alikata keki ya sikukuu vipande vitatu. Kipande cha tatu akakifunika kwa bakuli, akakaa akikitazama mpaka nikachoka kumwangalia.

Niseme kweli humu, maana humu hanisikii mtu. Nimeona wivu. Mimi ndiye niliyebaki. Ndiye niliyeacha shule nikashika jiwe la kusagia soya Baba alipofariki, ndiye ninayemkanda magoti kila jioni. Na sijawahi kufunikiwa kipande cha keki.

Huyo wa juu mwenyewe ni mtu baridi. Hekalu lilipofungwa na serikali nikiwa mdogo, watawa walitawanyika, naye akamfuata mwalimu wake upande wa pili wa mlima. Waliporudi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipanda nikikimbia, nywele zimefunguka. Nikamkuta anafagia majani chini ya mginko, kichwa kimenyolewa, na kidevu ni kile kile cha Mama. Nikasimama pale nikihema. Akanipa chai. Akauliza, "Nyumbani hamjambo?" Nikasema hatujambo. Akarudi kwenye ufagio wake. Mpaka leo mimi na yeye ni yale yale kila mwaka: chai, nyumbani hamjambo, ufagio. Na hajawahi kuvuka daraja la mawe linalotenganisha njia ya hekalu na kijiji chetu. Moyoni nilikwisha kumwita mwenye kiburi.

20 Septemba
Mvua. Kikapu kimefungwa, kikapu kimefunguliwa.

21 Septemba
Vivyo hivyo.

26 Septemba
Pang alipita kununua tofu. Mama akamwuliza kama anajua kutabiri mvua. Pang akasema mkewe ndiye anayejua, kila akifua nguo inanyesha. "Basi mwambie aache kufua," Mama akasema. Yan akacheka kwa sauti, kitu ambacho sijawahi kukisikia.

2 Oktoba
Leo nina mengi.

Alfajiri nilipeleka tofu kwenye mkahawa wa barabarani. Usiku mvua ilikuwa imepiga kweli, si ile ya kunong'ona, na udongo umeporomoka juu ya mapango ya njiani, njia ya hekalu imekatika. Habari hiyo nimeipata mkahawani. Niliporudi nyumbani kigoda kilikuwa kitupu na kikapu hakipo.

Nilikimbia na magunia ya soya niliyonunua njiani yakiwa bado mabegani. Nikamkuta kwenye daraja la mawe, amekaa kwenye ukingo, amelowa mpaka ndani, fimbo imeanguka mtoni. Mto ulikuwa mwekundu na unavuma. Aliniona nikija wala hakushtuka.

"Nimechoka hapa tu," akasema. "Zamani hapa hata sikupumzika."

"Zamani lini? Mama, hujawahi kupanda."

Nilimvua koti, nikamvika langu. Alikuwa anatetemeka, lakini hakutaka kunyanyuka. Akasema nimwache aseme kwanza, kwamba akinyanyuka hatasema tena.

Akasema: "Baba yako alipompeleka sikulala. Miezi miwili sikulala. Siku moja nikaamka nikapanda. Nilikuwa nakula majani ya viazi na gome, miguu imevimba, lakini nilipanda bila kupumzika. Nilisema naenda kumchukua. Tukifa, tufe wote.

"Nikafika langoni. Lilikuwa limerudishwa tu, halikufungwa. Nikataka kusukuma, nikasikia kijiko kinakwangua bakuli. Kr, kr, kr. Nikajua ni yeye. Nyumbani alikuwa anakwangua hivyo hivyo, bakuli tupu, mpaka baba yako anatoka nje asisikie. Ila hapo lilikuwa na kitu. Mtu anajua sauti ya bakuli lenye kitu.

"Nikasema, nikiingia nitamchukua. Na nikimchukua, atakufa. Nikaondoa mkono kwenye lango. Nikashuka."

Nikamwuliza mbona baadaye, chakula kiliporudi, hakwenda.

"Ningeenda na uso gani? Mtu anatupa mtoto wake njaa ikiwepo, halafu shibe ikija anakwenda kumdai?"

Yan ndiye aliyetukuta. Alimbeba Mama mgongoni mpaka nyumbani na hakuuliza neno.

3 Oktoba
Homa.

4 Oktoba
Homa. Daktari wa kijiji amemchoma sindano. Anasema ni mapafu, na moyo nao ni mzee. Akasema tumpeleke mjini, Mama akasema mjini aende daktari.

6 Oktoba
Hali si nzuri. Anapumua kama mtu anayevuta maji kutoka kisima kirefu. Nimepiga simu hekaluni, nikaomba kuzungumza na mtawa Jinghe. Nilisubiri sana. Nikasikia mvua ya kule juu ndani ya simu, na ya huku nje ya simu.

Nikamweleza. Akasema, "Tutamsomea sala jioni."

"Dada, sikupiga kuomba sala. Njia ya nyuma, ya msitu wa mianzi, inapitika. Wakata mianzi wamepita jana."



"Sitaweza kuvuka daraja," akasema.

"Kwa nini?"

Akakata. Nimekaa jikoni nimeshika simu mpaka maziwa ya soya yakaungua. Nimeyamwaga yote. Kama hekalu hilo linafundisha huruma, sijui wameificha chumba gani.

9 Oktoba
Mvua. Amekunywa uji vijiko vichache.

10 Oktoba
Asubuhi nimekuta mlangoni kifurushi cha mizizi ya dawa, imekatwakatwa vizuri, imefungwa kwa jani la mwanzi. Yan anasema aliyeileta ni mtawa, alifika upande wa pili wa daraja, akamkuta yeye akivua samaki, akamwomba aivushe. Alikuwa amelowa. Alisimama pale muda mrefu akitazama moshi wa jikoni kwetu.

Sikumwambia Mama. Nimeichemsha, nimempa, akasema ni chungu. Nami nimeanza kuona haya kwa niliyoyaandika tarehe sita, lakini sitafuta.

17 Oktoba
Homa imeshuka. Amekemea paka.

23 Oktoba
Anakaa. Anashona kiatu cha pili, mishono imepinda, anaifumua anaanza upya. Amekonda mno. Mvua imepungua, imekuwa umande tu.

30 Oktoba
Jua kidogo. Watu wote wametoa magodoro nje kana kwamba kuna anayehama.

4 Novemba
Jua.

5 Novemba
Jua. Pang na Yan wamekuja bila kuitwa, kama alivyoahidi. Kesho.

7 Novemba
Jana sikupata nafasi ya kuandika. Naandikia hekaluni, kwenye chumba cha wageni, mkono unanuka kwa sababu nitakayoieleza.

Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye majani. Mama alikaa kwenye kiti cha mianzi, blanketi magotini, kikapu juu ya blanketi. Tulipofika darajani akafumba macho, akayafumbua upande wa pili.

Tulizunguka kwa msitu wa mianzi. Baada ya mvua ndefu kama ile mianzi hunyooka na kung'aa, na mwanga unaopita katikati yake una rangi ya chai mbichi. Maporomoko ya maji ambayo kwa kawaida ni mstari tu yalikuwa yananguruma, manyunyu yanatufikia usoni. Pang alikuwa akiimba matusi yake ya kuhesabia hatua, Yan anaitikia nyuma.

"Mbele kuna jiwe!"

"Limerithiwa na mkweo!"

"Kushoto kuna shimo!"

"Limechimbwa na deni lako!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nyani walishuka kwenye misonobari kuangalia kama kuna cha kuiba, akawaonyesha ngumi. Tuliporudi kwenye njia ya ngazi, akaanza kupatambua mahali: hapa palikuwa na kibanda cha kunywea maji, hapa nililala kifudifudi nikanywa kwenye mtaro, mwamba huu ulikuwa mkubwa zaidi. Niliona kwamba njia hiyo ameitembea maisha yake yote kichwani. Mimi niliyeipanda kila mwaka sikujua nusu ya aliyoyajua yeye aliyeipanda mara moja.

Ukizunguka kona ya mwisho unauona mginko kabla ya hekalu. Ulikuwa umegeuka manjano wote, mpaka ncha. Paa zote zilikuwa zimefunikwa majani, ngazi zimefunikwa, mabega ya simba wa mawe yamefunikwa. Upepo ukipita, mengine yanashuka. Wageni wawili watatu walikuwa wanapiga picha, na hata wao walinong'ona.

Langoni Mama akasema, "Nishusheni."

Akatembea mwenyewe, ameshika mkono wangu. Lango ni lile lile la mbao, rangi imekwisha, lilikuwa limerudishwa tu. Akaweka kiganja juu yake. Nikamsikia akivuta pumzi. Akasukuma.

Dada alikuwa uani, amechuchumaa kwenye beseni, anamenya matunda ya mginko. Matunda hayo yakiiva yananuka vibaya, kama siagi iliyooza, na yeye alikuwa nayo mpaka viwikoni. Akainua kichwa. Akasimama taratibu, mikono ameitenga na mwili.

"Karibu, Bibi," akasema. Hivyo ndivyo anavyowakaribisha wazee wote.

Mama alikuwa anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na alipofika miguuni alisimama hapo. "Nimevishona vidogo," akaniambia. "Ana miguu ya baba yake."

Dada akatuweka barazani, akanawa, akaleta chai. Nikangoja lile swali, nyumbani hamjambo. Halikuja. Alikaa kwenye benchi mbele yetu, mikono magotini, na mtawa huyu wa miaka sitini na moja alionekana kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nina neno," akasema. "Nimelikalia. Naomba mnisikie, halafu mkitaka kushuka, mshuke.

"Ulikuja. Mwaka ule. Nilikuwa jikoni pale, mlango unatazama lango. Nikakuona kwenye ufa wa lango. Nikaona kitambaa chako cha kichwa cha bluu. Nikajua umekuja kunichukua." Akatazama chai. "Nilikuwa na uji. Nikaenda nyuma ya lile tungi la maji nikajificha. Nikanyamaza kabisa usinisikie. Niliogopa utaniita, maana ungeniita ningekuja, na nyumbani hakukuwa na uji. Nikamaliza bakuli. Nilipotoka ulikuwa umeondoka. Ndipo nikalia, na mwalimu akadhani nimejiunguza.

"Miaka yote watu wanasema mimi nilitupwa. Sikutupwa. Nilichagua bakuli. Ningevuka vipi daraja nije nikae nyumbani kwako? Hata Chunxiu akija hapa namwangalia nashindwa kusema naye, kwa sababu yeye alikaa na wewe na mimi nilijificha."

Pang, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akijipepea kwa kofia, alisimama, akamvuta Yan shati, wakatoka nje ya lango.

Nilimtazama Mama nikitegemea machozi. Hakulia. Alikuwa amekunja uso kama anapokagua tofu ambayo haijashika vizuri.

"Ulinisikia nikihema?" akauliza.

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ukamaliza uji wote."

"Wote."

Mama akaegemea ukuta. "Mtoto wa miaka mitano," akaniambia mimi, kana kwamba dada hayupo. "Njaa ile iliwatoa akili watu wazima. Mimi mwenyewe nilipanda huku nimekusudia tufe wote. Yeye akafikiri vizuri kuliko mimi." Kisha akamgeukia. "Ulichagua sawa. Ungenisikiliza mimi usingekuwepo."

Hapo dada akalia. Alilia vibaya, kwa kukoroma, bila kujifuta, akiwa ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Mama akanyoosha mkono ukamfikia kichwani, pale paliponyolewa, akakipapasa kama mtu anayetafuta jeraha. "Baridi," akasema. "Kwa nini hawakupi kofia."

Kwa hiyo mkono wangu unanuka kwa sababu mchana kutwa tulimenya matunda ya mginko, sisi watatu. Mama alisema watawa hawajui kumenya.

8 Novemba
Pang na Yan wamekuja kumchukua. Mama amekataa kushuka. Anasema ngazi zimemchosha, atapumzika siku mbili.

"Shangazi, juzi ulikuwa kuku," Pang akasema. "Leo umekuwa jongoo, ukiguswa unajikunja."

"Nenda kambebe mkeo."

11 Novemba
Nimeshuka peke yangu, tofu haijitengenezi. Nyumba ina mwangwi.

16 Novemba
Nimepiga simu hekaluni. Mtawa mdogo aliyepokea anasema Bibi amebadilisha namna wanavyochachusha kabichi, na mkuu wao ameogopa kumkataza.

20 Novemba
Baridi. Nimeuza vyote mapema. Mara kadhaa nimegeuka kusema kitu kwa kigoda. Nilikuwa nikidhani niliyebaki ni mimi, na kwamba kubaki ni kazi tu.

27 Novemba
Nimepanda tena na nguo za Mama za baridi, maana ameamua kungoja mpaka mwaka mpya. Mginko umebaki matawi. Majani yote yako chini, yamelowa, yamekuwa kahawia pembeni, na harufu yake ni ya karatasi za shule nilizosomea zamani. Theluji bado, lakini mlima wa nyuma umeshavaa nyeupe.

Nilimkuta Mama barazani kwenye jua, amelala kwa kukaa, mdomo wazi. Dada alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu yake, anakausha mbegu za mginko kwenye ungo. Alikuwa amevaa vile viatu, amekanyaga visigino kwa sababu havimtoshi.

Nikakaa. Akanimiminia chai. Hakuuliza habari za nyumbani, kwani nyumbani kote kulikuwa pale barazani kumelala.

"Chunxiu," akasema. Mimi mwenyewe hajawahi kuniita jina, siku zote ni "mgeni". "Nina swali, lakini ni la kijinga."

"Uliza, dada."

"Alikuwaje? Wewe ukiwa mdogo. Alikuwa anakusuka yeye mwenyewe?"

Nikamwambia alinisuka yeye, tena kwa nguvu, macho yananipanda juu kama ya sanamu. Nikamwambia alivyokuwa akinipaka mafuta ya nguruwe masikioni wakati wa baridi yasipasuke. Nikamwambia siku niliyoanguka kwenye pipa la soya akanitoa kwa mguu mmoja, akanipiga kwa fimbo, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Haikuwa fimbo," Mama akasema, macho yamefumba. "Ilikuwa mwiko."

Tukangoja. Akaanza kukoroma.

Dada alisogeza ungo kando, akakunja miguu, akaegemea kiti cha Mama. Jua lilikuwa bado kwenye nusu ya uwanja.

"Endelea," akasema. "Baada ya pipa."

Nikaendelea.